Nairobi hadi Pemba kwa boti: anza kuhesabu kutoka gatini

Wenzangu wa chama hapa South B wakitaka kwenda visiwani huniuliza, "Basi linatoka Nairobi saa ngapi?" Hilo ndilo swali la mwisho kabisa. Ukipanga safari kuanzia Nairobi, utafika pwani magharibi, boti imeshaondoka, na utaanza kutafuta gesti na begi kichwani katika mji usioujua. Mimi nimeolewa na Mpemba na mama mkwe yuko Wete, kwa hiyo njia hii naipita shule zikifungwa. Napanga kinyumenyume: kwanza boti, halafu mahali pa kulala usiku wa kabla ya boti, halafu mpaka, na Nairobi mwisho.

Tuanze na hizo boti. Ukitazama ramani utadhani Pemba ni ya kuvukia Mombasa, maana iko pale pale kusini. Lakini boti za abiria zenye ratiba ya kutegemea ziko upande wa Tanzania. Kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja zinaondoka mara kadhaa kwa siku, ya kwanza saa moja asubuhi na ya mwisho alasiri, na mwendo ni kama saa mbili. Kutoka Unguja kwenda Pemba, bandari ya Mkoani, safari ni chache na si kila boti. Ipo pia njia ya Tanga hadi Pemba, ambayo kwa mtu wa Nairobi ndiyo fupi kuliko zote, ila siku zake kwa wiki ni za kuhesabu. Kampuni kubwa ni Azam Marine, yenye zile boti za kasi zinazoitwa Kilimanjaro na meli kubwa za Sealink zinazobeba hadi magari. Zan Fast Ferries nao wapo. Ratiba ziko kwenye tovuti zao na hubadilika, kwa hiyo soma ya wiki ile ile unayosafiri. Ile uliyotumiwa na rafiki mwaka jana iache.

Utasikia pia habari za jahazi linalovuka kutoka Shimoni au Vanga. Babu zake mume wangu walikuja Kenya kwa njia hiyo hiyo, wakifuata samaki, na watoto wao wakakaa miaka mingi Kilifi na Kwale bila kitambulisho, hadi serikali ilipowatambua Wapemba kuwa raia mwaka 2023. Nawaheshimu sana. Lakini wewe mwenye watoto na masanduku usipande. Hakuna muhuri wa uhamiaji, hakuna orodha ya abiria, na mkichelewa baharini hakuna ofisi inayojua kwamba mmechelewa.

Tanga au Dar?

Kama siku za boti ya Tanga zinakubaliana na zako, pita Tanga. Panda treni ya SGR ya usiku, ile ya saa nne, pale Syokimau. Tiketi inakatwa kwa *639# na daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Inaingia Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, kabla hapajakucha. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni matatu hadi mjini, feri ya Likoni ambayo mwenda kwa miguu halipi, halafu matatu ya Lunga Lunga. Ya pili ni kukodi gari mkiwa watu wanne watano mkapita barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia huko huko Miritini na kutokea barabara ya Lunga Lunga bila kugusa Likoni. Tukiwa na watoto napita Dongo Kundu. Nikiwa peke yangu napita Likoni, maana ukivuka tu unapata chai na mahamri ya moto, na saa hizo tumbo linauliza.

Mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro utaufikia asubuhi, na Tanga mjini kabla ya saa nane mchana, hata kama pale mpakani mlikaa. Lala Tanga. Mji ni mtulivu, gesti si ghali, na asubuhi unakwenda bandarini umeoga. Usijaribu kuunganisha treni, mpaka na boti siku moja. Inawezekana kwenye karatasi tu.

Njia ya Dar ni ndefu ila ina boti nyingi, kwa hiyo ukikosa moja hujaharibikiwa. Basi linalotoka Nairobi alfajiri linapita Namanga, Arusha na Moshi, na linaingia Dar usiku, kwenye Kituo cha Magufuli kule Mbezi. Mbezi si mjini. Usimkubalie dereva anayekwambia bandari iko "hapo mbele tu". Mimi hulala huko huko upande wa Mbezi au Kimara, na asubuhi nashuka na mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao yenyewe, wa Kimara hadi Kivukoni, kwa sababu foleni ya Barabara ya Morogoro asubuhi haina huruma kwa teksi. Boti ya saa moja nimeiachia wafanyabiashara. Ya saa tatu na nusu inatosha.

Kuna jambo moja la Dar ambalo huwapoteza Wakenya wengi. Sisi tumezoea kuiita feri kila chombo kinachovusha watu. Ukimwambia mwenye bajaji wa Dar "nipeleke Feri," atakushusha kwenye soko la samaki na kivuko cha Kigamboni, na hatakuwa amekosea. Mwambie "kwenye boti za Zanzibar," au mtajie kanisa la Mtakatifu Yosefu, maana ofisi za boti ziko ng'ambo ya barabara.

Karatasi

Kitambulisho cha Kenya kinakufikisha Kampala na Kigali, lakini Tanzania hakikupeleki. Unahitaji pasipoti, au kile kibali cha muda cha kusafiria ndani ya Afrika Mashariki ambacho uhamiaji wa Kenya hutoa. Visa hakuna. Pamoja na hiyo beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inahesabiwa kuanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukiichoma jana ukasafiri leo umepoteza pesa zako. Ukishaipata mara moja inatosha maisha yako yote, ndivyo kanuni za afya za kimataifa zinavyosema tangu 2016, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Atakayekwambia ni lazima uchanje tena, mwombe kwa upole amwite mkubwa wake.

Mipaka ya Namanga na Horohoro siku hizi ni ya kituo kimoja. Maana yake, ukitoka Kenya unapita jengo la Kenya bila kusimama, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia katika jengo la upande wa Tanzania, dirisha hili na lile la pili yake. Wageni huganda upande wa Kenya wakisubiri afisa asiyekuwepo, na basi huku linapiga honi.

Jina kwenye tiketi ya boti liwe lile lile la pasipoti. Mimi kwa majirani naitwa jina moja na kwenye pasipoti lingine, kama wanawake wengi wa Nairobi, na bandarini wanachosoma ni pasipoti tu. Ukifika Unguja utakuta dirisha la uhamiaji tena, ingawa umetoka Dar, nchi ile ile. Usibishane. Zanzibar ina serikali yake na taratibu zake, ikiwemo bima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024. Soma masharti yake kwenye tovuti ya shirika la bima la Zanzibar kabla hujafunga begi.

Pesa: shilingi ya Kenya ni karibu ishirini za Tanzania, kwa hiyo hesabu ya haraka ni kuongeza sufuri na kuzidisha kwa mbili. Badilisha ya kutosha chakula na nauli tu pale mpakani, iliyobaki badilisha mjini dukani kwenye risiti. Nauli ya boti ina bei mbili, ya wakaazi na ya wageni, na mgeni wa daraja la kawaida kati ya Dar na Unguja ameshazoea kusikia dola 35. Uliza dirishani, pasipoti ya Kenya mkononi, bei ya Afrika Mashariki siku hiyo ikoje. Kuuliza hakulipiwi.

Na tiketi inunuliwe dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe. Nje ya ofisi kuna vijana wenye vitambulisho shingoni watakaokwambia boti imejaa, ofisi imefungwa, mfumo umeanguka. Wape salamu, uendelee kutembea. Dada mmoja wa chama chetu aliwaamini akauziwa tiketi ya boti ya polepole kwa bei ya boti ya kasi, na alifika Unguja wenzake wakiwa wameshakula na kuosha vyombo.

Bahari yenyewe

Hapa ndipo watu wa bara huogopa, na kuogopa kwenyewe si kosa. Kila Mkenya wa rika langu anakumbuka feri ya Mtongwe iliyozama Mombasa, 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa. Pemba wao wana 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama usiku karibu na Nungwi ikitoka Unguja na watu wengi kupita kiasi, na mwaka uliofuata, 18 Julai, ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Nyumbani kwa mama mkwe habari ya Spice Islander haitajwi wakati wa kula. Tangu hapo boti zimebadilika, lakini mimi bado nina masharti yangu. Nikiona chombo kimekaa chini sana majini, au watu wamesimama njiani kati ya viti na bado wanapandishwa, nashuka. Tiketi imelipwa, ndiyo, na nashuka. Nikishakaa, kitu cha kwanza naangalia maboya ya kuvaa yako wapi, chini ya kiti au juu kwenye makabati, na kama yapo ya kimo cha watoto. Halafu naangalia mlango wa karibu. Nafanya hivyo kwa dakika mbili kisha naacha, maana ukikaa unafikiria kuzama saa mbili nzima hutafurahia hata Chumbe.

Lililo kubwa zaidi kwako si kuzama. Ni kutapika. Bahari hulevya, na hulevya kwa majira. Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba na kitovu chake ni Juni hadi Agosti, ndiyo kusema likizo ya Agosti ya watoto wetu inaangukia katikati yake. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huja Desemba hadi Machi. Watu hudhani kaskazi ni ya upole kwa sababu jua linawaka na maji ni ya buluu, na kati ya Dar na Unguja mara nyingi ni kweli. Lakini mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kaskazi inavuma kuukabili. Pale Nungwi, unapotoka kwenye kivuli cha Unguja kuelekea Pemba, upepo na mkondo vinapigana, na mawimbi yanasimama mafupi, yenye migongo mikali. Chini yake nako si kama upande wa Unguja. Unguja imekaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyoungana na bara. Pemba imetengwa na bara na mlango wenye kina cha zaidi ya mita 700. Mume wangu husema Pemba haikutaka ujirani na mtu.

Basi fanya hivi. Usiku wa kabla ya safari kula mapema, na wali wa nazi uache hadi utakapofika. Asubuhi kula kidogo, mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha, na chai ya tangawizi isiyo na maziwa. Tumbo tupu linatapika vibaya kuliko lenye kitu. Kama unajijua, nunua dawa ya kichefuchefu cha safari Nairobi kwa mfamasia, umwambie kama una mimba au unatumia dawa nyingine, na uimeze saa moja kabla ya kuondoka. Kuimeza ukishaanza kutoka jasho ni kuilisha bahari.

Kiti ni nusu ya dawa. Kila mgeni hukimbilia mbele, penye dirisha kubwa, na ndipo boti inapopanda na kuanguka. Kaa nyuma, chini, katikati. Au kaa nje kwenye sitaha ya nyuma, uso upigwe na upepo, macho kwenye mstari pale bahari inapokutana na mbingu. Simu weka mfukoni. Ndani kuna kiyoyozi cha baridi ya kuhifadhia nyama na runinga yenye sinema ya vita, na vyote viwili vinaharakisha mambo, kwa hiyo beba sweta au leso ya kujifunika hata kama Dar imekuchoma.

Utajua wakati umefika ukimwona baharia anapita kati ya viti na fungu la mifuko myeusi, anagawa kimya kimya bila kumwuliza mtu. Hapo tumeshatoka kwenye mlango wa bandari, Kigamboni imebaki nyuma, na boti inaanza kunyanyua pua. Chukua mfuko hata kama uko sawa. Mpe aliye pembeni yako. Safari moja ya Agosti bibi mmoja wa Kipemba aliyekaa mbele yangu alikuwa na ndimu mkononi. Aliikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba, akainusa, akageuka akampa mwanangu bila kusema neno, akatoa nyingine kwenye pochi. Mtoto alifika Malindi, bandari ya Unguja na si ile Malindi yetu ya Kenya, akiwa ameikwaruza ikabaki nyeupe. Sasa ndimu hazikosi kwenye mkoba wangu.

Ukishuka

Malindi, Unguja, kaa kitini mpaka msongamano wa mlangoni upungue. Mizigo mikubwa iliyochukuliwa kwenye toroli inatolewa nje, na risiti yake usiitupe. Wachukuzi ni wengi. Patana bei kabla mkono wake haujagusa begi. Nje ya geti wapo mapapasi wa hoteli na teksi, wanaongea lugha zote za duniani. Ukiwajibu kwa Kiswahili cha Nairobi watacheka kidogo halafu watakuachia njia, na hilo ni jambo la kushukuru.

Kama unaunganisha kwenda Pemba siku hiyo hiyo, acha nafasi ya saa mbili kamili kati ya boti na boti, na chakula ukile karibu na soko la Darajani. Kama boti ya Pemba ni kesho, lala Unguja, jioni nenda Forodhani ukale urojo. Utaliona Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria, limezungushiwa uzio. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020.

Mkoani ni bandari ndogo juu yake kuna kilima, na daladala zinasubiri boti. Unakwenda Chake Chake, na kama wewe ni mgeni wa Wete kama mimi, unabadilisha gari hapo. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti tangu unaposhuka. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata maji ya chupa, hata kama si Mwislamu. Na mifuko ya plastiki iache Nairobi, ambako pia ni marufuku tangu 2017. Tanzania bara ilifuata Juni 2019. Beba kikapu.

Zawadi ya kupeleka: majani ya chai ya Kericho, yale ya rangi kali. Mama mkwe anasema chai ya kwetu haihitaji kubembelezwa. Ya kurudi nayo ni halua, na viungo vya pakiti kutoka Darajani. Karafuu za gunia usibebe, hata kama shemeji anakupa bure. Karafuu za Zanzibar zinanunuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuzitoa kisiwani kwa mlango wa nyuma ni magendo yanayofungisha watu. Kombe na magamba ya kasa usiyaguse.

Tiketi ya kurudi inunue siku unapofika Mkoani, kabla hujapanda daladala, hasa kama ni karibu na Idi au sherehe za Mapinduzi za 12 Januari, maana Wapemba wote walioko Unguja na Dar wanarudi makwao na kuondoka siku zile zile. Chagua boti ya siku mbili kabla ya shule kufunguliwa Nairobi. Upepo ukichafuka boti huahirishwa, na mwalimu wa darasa hataki kusikia habari za kusi.